Karatasi Ilisema Mimi ni Kontrakta

Kampuni niliyoibebea vifurushi hapa Nakuru ilinipa mkataba wa kurasa chache, na kabla hata ya kutaja malipo ulikuwa umeshatangaza kwamba mimi si mwajiriwa wao. Mimi ni kontrakta: nina biashara yangu, pikipiki yangu, faida yangu na hasara yangu. Nilitia sahihi pale kaunta kama walivyotia walionitangulia kwenye foleni. Mtu mwenye mkopo wa pikipiki unaodaiwa kila jioni hana nafasi ya kubishana na kifungu cha pili.

Nawaandikia raida wenzangu, sisi tunaosambaza mizigo kwa pikipiki, wa hapa na wa Kisumu, Kakamega, Bungoma na Eldoret, ambao kila wakidai haki huambiwa, "Si ulisaini mwenyewe?" Nimepitia ofisi ya leba, ile ya serikali inayoshughulikia mambo ya kazi, nimepitia kortini, na sahihi ile haikunifunga mdomo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inautambua mkataba wa kazi hata ukiwa wa mdomo, hata ukiwa haujatamkwa popote bali unaonekana tu kwa jinsi pande mbili zinavyotendeana. Kwa hiyo hakimu akiletewa karatasi yenye neno kontrakta, atataka pia kujua siku yako ya kazi ilikuwaje. Siku hiyo unaijua wewe, na ushahidi wake mwingi umo ndani ya simu yako.

Yangu ilikuwa hivi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi lazima uwe depo, eneo la viwanda, umevaa reflekta yenye jina la kampuni. Msimamizi anaita majina. Aliyechelewa anakatwa faini, na faini inatangazwa kwenye grupu la WhatsApp ili wote waione. Njia unapangiwa: wiki hii Lanet na Mawanga, wiki ijayo Kiamunyi hadi Ngata, na ukiwa umemuudhi mtu unatupwa barabara za ndani za Njoro, ambako kifurushi kimoja kinamaliza mafuta ya vifurushi vitatu. Bei ya kila kifurushi wanaipanga wao, wanaibadilisha wao. Jioni unalipwa kwa M-Pesa kulingana na ulivyofikisha. Ukikataa mzigo leo, kesho hupati mzigo. Kubebea kampuni nyingine kulikatazwa kwa herufi kubwa. Ukitaka kwenda nyumbani kwa mazishi unaomba ruhusa, na ruhusa inaweza kunyimwa. Mfanyabiashara gani anaomba ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yake?

Kilichotuamsha ni ajali. Mwenzetu mmoja, baba wa watoto wadogo, aligongwa na matatu karibu na njia panda ya Njoro akiwa kazini. Mguu ulivunjika vibaya. Kampuni ilituma mtu upesi sana, na mtu huyo alikuja kuchukua vifurushi. Mke wa mwenzetu alipopiga simu kuulizia gharama za hospitali alijibiwa kwa upole, "Pole mama, lakini huyo ni kontrakta, ana bima yake." Bima aliyokuwa nayo ni ile ya lazima ya pikipiki. Ile humlinda mtu wa tatu ambaye pikipiki imemuumiza. Anayeiendesha haimhusu.

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu raida wengi wanaumia na hawajui pa kuanzia. Iko sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2007, ya mafao ya majeraha kazini, ambayo watu wa leba huiita WIBA. Inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Inamtaka pia, akishapata habari ya ajali, airipoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, na kama mtu amefariki, ndani ya saa 24. Mwajiri akikaa kimya, majeruhi mwenyewe au mtu wake anaweza kuwasilisha dai, mradi iwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa asilimia. Aliyelemaa kabisa huhesabiwa mapato ya miezi 96, na mwenye asilimia ndogo hupata sehemu yake ya hesabu hiyo. Usipokubaliana na uamuzi wa Mkurugenzi unampelekea pingamizi ndani ya siku 60, na asipobadilisha una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Leba, ambayo jina lake rasmi ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Wapo wanaokimbilia kumshtaki mwajiri kortini moja kwa moja kama zamani. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, njia ya jeraha la kazini huanzia kwa Mkurugenzi. Mwenye matatu iliyokugonga ni habari nyingine. Huyo unaweza kumdai kortini kwa kesi yake mwenyewe.

Lakini WIBA nayo ni ya mwajiriwa. Hivyo swali la kontrakta lilitufuata hadi ofisi hiyo. Kilichomsaidia mwenzetu ni picha ya orodha ya zamu ya asubuhi ile, iliyotumwa kwenye grupu na msimamizi mwenyewe, ikiwa na jina lake, njia aliyopangiwa na saa ya kutoka depo. Kuna kijana alikuwa hajaifuta kwenye simu yake. Tuliichapisha pamoja na malipo yake ya M-Pesa ya miezi iliyotangulia, tukaipeleka. Faili lilitembea polepole mno, na barua za kampuni zilizidi kurudia neno lile lile, lakini halikutupwa. Mwisho alilipwa. Hakupata alichotarajia, alipata cha kulipa deni la hospitali na kubaki na kidogo.

Huku faili lake likisonga, sisi tuliobaki tuliandika barua kwa kampuni. Tuliomba bima, na siku moja ya kupumzika katika wiki, ambayo sheria inampa kila mwajiriwa. Tulitia sahihi wote. Haikujibiwa. Jumatatu moja niliamka nikakuta nimeondolewa kwenye grupu la WhatsApp. Nilienda depo hivyo hivyo, na mlinzi akanizuia getini akitazama chini: "Kaka, jina lako halipo kwa orodha." Hakuna barua niliyopewa, hakuna kikao nilichoitwa, hakuna sababu iliyotajwa.

Ikikutokea hivi, piga picha ya skrini hapo hapo. Ule mstari mdogo unaosema umeondolewa, ukiwa na tarehe na jina la aliyekuondoa, ndiyo barua yako ya kufukuzwa. Mimi nilifundishwa hilo na binamu yangu ambaye ni karani wa wakili, na tarehe ile iliniokoa baadaye, kwani kampuni ilidai kwamba niliacha kazi kwa hiari yangu wiki kadhaa kabla.

Ofisi ya leba nilikutana na afisa mmoja, mama wa makamo, faili zimejaa mezani hadi hakuna pa kuweka kiwiko. Nilianza kwa kulalamika. Alinisikiliza, kisha akasema, "Kijana, kaa chini. Mbali na hasira umeniletea nini?"

"Mkataba, madam."

Aliusoma wote, polepole, kalamu mkononi. Hakucheka wala hakusikitika. Alianza kuniuliza maswali ambayo sikuyatarajia. Nani alikuwa anapanga bei? Ningeweza kukataa mzigo bila kuadhibiwa? Reflekta na boksi ni vya nani? Mteja akikasirika anampigia nani simu? Faida ikipatikana kwa mimi kufanya kazi kwa akili zaidi, inaingia mfuko wa nani? Kisha akafika kwenye kifungu ambacho mimi nilikuwa nimekipita bila kukiona, kilichosema kwamba kontrakta ana uhuru wa kumtuma mtu mwingine afanye kazi badala yake.

"Ulishawahi kumtuma mtu?"

Nilikumbuka. Nilikuwa na malaria, nikamwandikia msimamizi kwamba ndugu yangu, ambaye ana leseni na anazijua njia zote za Section 58 na Free Area, atanishikia siku mbili. Jibu lilikuwa bado kwenye simu: "Hakuna kutuma mtu. Kuja wewe ama ukae nyumbani."

Afisa aliusoma ujumbe ule mara mbili. "Hii usiifute," akaniambia. "Na simu usiiuze."

Baadaye wakili alinieleza kwa nini mama yule aliushika ujumbe ule kuliko malalamiko yangu yote. Mahakama zetu, zikitaka kujua kama mtu ni mwajiriwa, hazina kipimo kimoja. Hutazama nani anaamuru kazi ifanywe vipi na lini. Hutazama kama kazi yako ni kiungo cha biashara yenyewe au kitu cha pembeni. Kampuni ya kusambaza vifurushi bila wasambazaji ni nini? Hutazama nani anabeba hasara na faida kwa ukweli, na kama pande mbili zilikuwa zinadaiana, huyu kutoa kazi na yule kuifanya. Na hutazama kama ni lazima uifanye kwa mikono yako mwenyewe. Mtu anayeweza kumtuma yeyote amtakaye ni vigumu kumwita mwajiriwa.

Hilo la mwisho limeamua kesi kubwa Uingereza, ambako mawakili wetu hupenda kuchungulia, ingawa hukumu za huko haziwafungi majaji wa hapa. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kesi ya waosha magari wa kampuni ya Autoclenz. Mkataba wao uliwaita watu wanaojitegemea na kuwapa uhuru wa kutuma wengine. Mahakama ikasema karatasi ile haikuonyesha ukweli wa makubaliano yao, na ukweli ndio unaohesabika. Februari 2021 madereva wa Uber walishinda katika mahakama hiyo hiyo. Lakini Novemba 2023 wasambazaji wa Deliveroo walishindwa, na sababu kubwa ni kwamba uhuru wao wa kumtuma mtu mwingine ulikuwa wa kweli, si wa maandishi matupu. Ndiyo maana nasema maneno yale machache, hakuna kutuma mtu, yalikuwa na uzito kuliko mkataba mzima. Yalionyesha kwamba kile kifungu kiliwekwa tu ili siku moja kisomwe mbele ya hakimu.

Tahadhari moja kuhusu ushindi wa Uber, kwa sababu nimesikia vijana wakiutaja kama kwamba umetufikia hadi hapa. Uingereza ina tabaka la katikati kati ya mwajiriwa kamili na anayejitegemea, na madereva wale waliwekwa humo. Sheria yetu ya Ajira haina tabaka hilo. Hapa ama uthibitishe kwamba wewe ni mwajiriwa, au ubaki nje ya sheria hiyo.

Sasa, ushahidi. Anza kuukusanya ukiwa bado una kazi, kwa sababu siku ukiondolewa kwenye grupu au akaunti yako ya programu ikizimwa, mengi huyaoni tena. Piga picha mkataba wote, kila ukurasa. Hifadhi orodha za zamu, matangazo ya faini, ujumbe wa kuomba na kunyimwa ruhusa, na hakikisha nambari na tarehe zinaonekana. Omba taarifa ya M-Pesa ya kipindi kirefu uwezavyo. Malipo yanayotoka kwa mlipaji yule yule jioni baada ya jioni yanasema mengi. Picha ukiwa kwenye foleni ya depo na reflekta si majivuno, ni ushahidi. Vilevile kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inakupa haki ya kuiomba kampuni taarifa zako binafsi ilizonazo, zikiwemo rekodi za safari na malipo. Iombe kwa maandishi. Ikikunyima unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Jambo la kiufundi ambalo limewaangusha watu: mazungumzo ya WhatsApp yaliyochapishwa hayapokelewi kortini hivi hivi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti cha aliyeyatoa, kinachoeleza yametoka kwenye simu gani na yamechapishwaje. Ni ukurasa mmoja tu, lakini bila huo wakili wa upande wa pili anaweza kuomba ushahidi wako wote uwekwe kando.

Afisa wa leba aliita kampuni kwa mazungumzo. Walikuja na wakili. Hoja yao ya kwanza ilikuwa ile ile ya kontrakta, na walipoona ujumbe wa kutotuma mtu wakageuka: basi kama si kontrakta, huyu alikuwa kibarua wa siku, analipwa jioni na kesho hana dai. Nilikuwa sijajiandaa kwa hilo, lakini mama yule alikuwa amejiandaa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi, hata kama alilipwa kwa siku. Hapo unapata notisi ya siku 28, na ukifikisha miezi miwili mfululizo unapata haki nyingine za waajiriwa wengine. Jioni zangu za M-Pesa, ambazo wao walizileta kama ushahidi kwamba mimi ni kibarua, ndizo zilizoonyesha kwamba sikuwa nimepumzika.

Mazungumzo yalivunjika. Wakili wao alisema tukutane kortini.

Ukimweka mbali wakili, mtu wa kawaida hujiuliza kwanza: nitadai nini hasa? Mimi nilidai malipo ya notisi. Nilidai likizo, kwani kila miezi 12 ya kazi inampa mwajiriwa siku zisizopungua 21 zenye malipo, na sikuwahi kupewa hata moja. Nilidai faini zirudishwe. Hapa sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani: mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi kinachofaa kwa mali aliyoiharibu au kuipoteza mfanyakazi kwa kukusudia, na makato yote kwa jumla hayapaswi kuzidi theluthi mbili za ujira. Kifurushi kilicholowa mvua ya Agosti pale Kaptembwo hakikulowa kwa kukusudia. Nilidai fidia ya kufukuzwa isivyo haki, kwa sababu kifungu cha 41 kinataka mtu anayetuhumiwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na asikilizwe akiwa na mwenzake wa kazi. Fidia hiyo inaweza kufika mshahara wa miezi 12, na huo ni upeo. Wengi hupata chini ya hapo, na anayekuahidi miezi 12 kabla hajaona faili lako anakudanganya. Nilidai pia cheti cha utumishi. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ilikuwemo, kwa sababu mwajiri anapaswa kuchangia sehemu yake.

Mzigo wa kuthibitisha unagawanywa, na ni vizuri kuelewa mgawanyo huo ili usipoteze nguvu. Wewe kwanza uonyeshe kwamba ulikuwa mwajiriwa na kwamba ulifukuzwa. Ukishavuka hapo, mwajiri ndiye anayepaswa kuonyesha sababu ya halali. Na kwa kuwa ni jukumu lake kuandika mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi, akishindwa kuuleta mahakamani, mabishano kuhusu masharti yake yanamwangukia yeye. Wakili wangu alirudia jambo hili kila nilipotaka kuleta shahidi wa kumi na moja wa kusema msimamizi ni mkali.

Kesi haikwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ingawa ina kituo hapa Nakuru na kingine Kisumu. Tangu 2018 mahakimu wa ngazi ya mkazi mwandamizi na kuendelea husikiliza kesi za ajira za watu ambao mshahara wao kwa mwezi hauzidi shilingi 80,000, na raida wengi tuko chini ya hapo. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, afisa wa chama anaruhusiwa kukuwakilisha katika Mahakama ya Leba bila kuwa wakili.

Kuhusu muda nitasema kwa sauti. Malalamiko ya kufukuzwa yapeleke kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu jambo litokee. Miaka hiyo haiongezwi kwa huruma, na mahakama zimesema tena na tena kwamba mazungumzo ya kupatana hayaisimamishi. Namjua raida wa Kisumu, aliyekuwa akibeba vyakula kati ya Kondele na Mamboleo, ambaye aliambiwa mwezi baada ya mwezi, "Subiri kidogo ndugu, meneja anashughulikia." Alisubiri kwa adabu. Alipofika kwa wakili, ushahidi wake ulikuwa mzuri kuliko wangu na muda ulikuwa umekwisha. Kuzungumza zungumza, lakini kesi iwe imefunguliwa.

Yangu iliisha kwa makubaliano, kabla ya hukumu. Walilipa notisi, likizo, faini na fidia ya miezi michache, nami nikakubali kutolitaja jina la kampuni popote, ahadi ninayoitunza. Mawakili wawili walihakikisha makubaliano yamesajiliwa kuwa amri ya mahakama. Hilo ni muhimu: ahadi iliyobaki kwenye barua ikivunjwa unaanza upya, lakini amri ya mahakama unaomba itekelezwe. Nilikatishwa tamaa kidogo kwamba hakuna hukumu iliyoandikwa ambayo raida mwingine angeweza kuitumia. Nililipima hilo dhidi ya ada za shule za muhula uliokuwa unaanza, nikatia sahihi.

Kwa haki niseme kwamba si kila mwenye boksi mgongoni ni mwajiriwa. Kuna mwenzangu ambaye hubebea programu mbili na duka moja la vipuri, huziwasha na kuzizima apendavyo, hukataa safari za mbali, na mpwa wake humshikia pikipiki Jumamosi bila mtu kuuliza. Akienda leba kusema ameajiriwa atapata shida kubwa. Lakini hata yeye hakuachwa bila mlango. Akinyimwa malipo ya kazi aliyoifanya, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai ya mikataba ya huduma yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Ila amua kwanza wewe ni nani. Ukiapa katika mahakama moja kwamba u kontrakta, usishangae karatasi hiyo ikisomwa siku utakapodai kwingine kwamba uliajiriwa.

Na kampuni ikiwa ya ng'ambo, isiyo na ofisi hapa zaidi ya programu kwenye simu? Wanasheria wengi wanaitazama kesi ya wakaguzi wa maudhui, wale wanaochuja yanayowekwa mtandaoni, dhidi ya Meta, wenye Facebook. Kampuni hiyo ilisema haiwezi kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba inaweza. Kuruhusiwa kushtaki bado si kushinda, lakini jibu la "sisi hatuko Kenya" halimalizi mambo tena.

Waliobaki depo wananiuliza kama wadai sasa au wangoje kufukuzwa. Sheria inasema kumlalamikia mwajiri, au kupanga kumlalamikia, si sababu ya haki ya kumfukuza mtu, isipokuwa malalamiko yawe hayana msingi. Nami nimeshaona kwamba mtu anaweza asifukuzwe ila akapangiwa Njoro kila wiki. Kwa hiyo nawaambia waende wengi, na waende na maandishi. Mwezi uliopita waliandika barua nyingine ya kudai bima, na safari hii hawakuipeleka kwa kampuni peke yake. Nakala moja ilipelekwa ofisi ya leba na ikagongwa muhuri wa kupokelewa, tarehe ikasomeka vizuri, na kila aliyetia sahihi akaipiga picha akabaki nayo.